Muvi za Zamani za Sayansi: Ugomvi Wangu ni na Saa

Leo tuweke grafu pembeni, tuongelee muvi.

Nilienda nyumbani likizo fupi nikamkuta baba mdogo anaangalia Outbreak ya mwaka 1995, kwenye diski iliyochakaa mpaka picha inakwamakwama. Ilipoisha akanigeukia: "Umeona mwanangu? Dawa huwa ipo. Wanaificha tu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Mtoto wake wa mwisho ana selimundu, na hospitali wanaijua njia kuliko njia ya sokoni.

Niliporudi chuoni nikarudia muvi kadhaa za zamani, daftari mkononi. Sikutafuta makosa ya fizikia, hayo kila mtu anayajua. Nilijiuliza jambo moja: muvi hii inaonyesha vipi watu wanavyofika kwenye ukweli, na inachukua muda gani? Nakutahadharisha, nitakusimulia miisho.

Jurassic Park (1993)

Nianze na ninayoipenda. Kweli, vinasaba vya dinosaria haviwezi kudumu miaka milioni 66. Vya zamani kabisa vilivyosomwa hadi sasa, kutoka Greenland, vina takriban miaka milioni 2. Na Velociraptor halisi alikuwa na manyoya, kimo chake kama bata mzinga. Sawa, nimesamehe.

Nimesamehe kwa sababu ya kinyesi. Triceratops anaumwa, Dk. Ellie Sattler anahisi amekula matunda yenye sumu. Badala ya kubishana, anaingiza mkono kwenye lile rundo la kinyesi na kutafuta mabaki ya matunda. Hayapo. Basi, wazo limeanguka, na muvi haitupi jibu kabisa! Nilipokuwa mdogo niliona wamesahau. Sasa hivi, baada ya jaribio langu mwenyewe kugoma mara tatu, naona ndiyo dakika ya kweli kuliko zote.

Star Trek, "The Devil in the Dark" (1967)

Hii ni episodi ya televisheni. Wachimba madini kwenye sayari ya mbali wanauawa na kiumbe kinachopenya mwamba. Kila mtu anataka kuua tu. Spock anauliza: je, kama uhai huu umejengwa kwa silikoni, siyo kaboni kama wetu? Mwishowe inagundulika kiumbe ni mama, na yale mawe ya duara ambayo wachimbaji walikuwa wanayavunja ni mayai yake.

Wazo zuri mno. Lakini Spock anajuaje? Anaweka mikono juu ya kiumbe, anasoma mawazo yake, kwisha habari. Hapo ndipo saa inapoibwa. Wale watu walikuwa na mayai maelfu mikononi, na hakuna hata mmoja aliyelipasua moja achunguze kilichomo ndani. Kazi ya miezi imefanywa kwa kugusa. Naipa alama za juu kwa swali, za chini kwa jibu.

Armageddon (1998)

Hapa nitakuwa mfupi. Asteroidi yenye ukubwa wa jimbo la Texas inagunduliwa siku 18 kabla haijatugonga. Msomaji, Ceres ina kipenyo cha takriban kilomita 940, ndogo kuliko upana wa Texas, na iligunduliwa mwaka 1801 kwa darubini ya zama hizo. Jitu kubwa kuliko hilo lingetufikia hivihivi bila kuonekana?

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wanasayansi wote wanakaa kusubiri stelingi. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha DART kiligonga kwa makusudi Dimorphos, jiwe la mita 160 hivi, na kupunguza mzunguko wake kwa karibu nusu saa. Hakuna mtu aliyelia, hakuna wimbo wa mapenzi. Ilikuwa miaka ya hesabu. Mimi ningeitazama muvi hiyo.

Apollo 13 (1995)

Ningeitazama kwa sababu nimeshaona inawezekana. Hewa ya ukaa inajaa kwenye chombo, machujio yaliyobaki ni ya mraba, tundu ni la duara. Wahandisi wanamwaga mezani mifuko ya plastiki, mabomba na makaratasi magumu, vilevile vilivyopo kule angani, na kuambiwa watengeneze kitu kwa hivyo tu. Tangu mlipuko wa tarehe 13 Aprili 1970 hadi kutua tarehe 17, muvi inakubali kutuonyesha uchovu, hesabu zinazorudiwa, na watu wanaobishana kwa heshima. Ubaya wake ni ule wa kawaida: kazi ya watu wengi waliokuwa kwenye mitambo ya mazoezi imebebeshwa mmoja, Ken Mattingly, ili tupate uso wa kumshangilia.

Sasa turudi kwenye Outbreak

Virusi vinaitwa Motaba, vinatoka Zaire, vinafika mji mdogo wa California. Nyani anayevibeba ni kapuchini, na kapuchini ni wa Amerika, hapatikani Afrika. Hilo dogo. Kubwa ni mambo mawili. Kwanza, majenerali kweli wanaificha seramu, kwa hiyo baba mdogo hakujitungia kitu, amefundishwa. Pili, virusi vinapobadilika, nyani anakamatwa na seramu mpya inapatikana ndani ya saa chache. Stelingi hafi, na aliyekuwa mke wake anapona.

Muvi ilitoka Machi 1995. Miezi miwili baadaye ikatangazwa Ebola halisi mjini Kikwit, Zaire. Watu 315 waliugua, wengi wao wakafa. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 kati yao waliishi. Lakini 8 ni wachache mno kuthibitisha jambo. Mwaka 2006 damu ya manusura mmoja wa Kikwit ilichukuliwa tena, na humo ikapatikana kingamwili iliyoitwa mAb114. Novemba 2018 ikaanza kujaribiwa Kivu Kaskazini, Kongo, pamoja na dawa nyingine tatu, katikati ya mlipuko na vita. Katika kundi lililopewa mAb114 walikufa takriban 35 kwa kila 100. Waliopewa dawa ya kulinganishia, 50. Desemba 2020 ikaidhinishwa rasmi Marekani.

Hesabu mwenyewe: miaka 25. Wakongo ndio waliougua, ndio waliotoa damu, ndio waliokubali kujaribiwa. Kwenye Outbreak, Mwafrika anaonekana mwanzoni anakufa, halafu hatumwoni tena akifanya kazi.

Nilimpigia baba mdogo nikamsimulia hayo yote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza: "Kwa hiyo ya mdogo wako nayo iko njiani?"

Nikamwambia ukweli. Selimundu iliandikwa mara ya kwanza kwenye jarida la kitabibu mwaka 1910. Desemba 2023 Marekani waliidhinisha tiba ya kuhariri jeni. Bei yake kwa mgonjwa mmoja inazidi dola milioni 2.

Kimya. Halafu akasema, "Sasa mwanangu, si ni kama wameificha?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kuhusu muda, na kuhusu muda nadhani nilimshinda. Kwa swali hili sikuwa na jibu la haraka, na ninaona heri nisijifanye ninalo. Ila hiyo ndiyo muvi ninayoisubiri: isiyo na jenerali mwovu wala seramu ya saa mbili, yenye dawa ambayo ipo wazi kabisa, kila mtu anaiona, na barabara ndefu kati yake na nyumba ya baba mdogo.