Eti Enkidu Hakujua Mkate

Utenzi wa Gilgamesh naupenda, lakini kuna mahali unanikera. Enkidu, aliyekulia porini na wanyama, anafikishwa kwa wachungaji. Wanamwekea mkate na bia. Anavikodolea macho tu, hajui vinaliwaje. Akishashiba na kumaliza mitungi saba ya bia, anaimba, anajipaka mafuta, ndipo mshairi anamhesabu kuwa mtu.

Hapo wenye mashamba ya shayiri ya Mesopotamia wanajisifu wenyewe. Ardhi inawakatalia. Huko Shubayqa, kaskazini-mashariki mwa Yordani, wanaakiolojia walikuta makombo ya mkate ya miaka kama 14,400, yaani miaka kama 4,000 kabla ya kilimo. Waliouoka walikuwa wawindaji, waokota nafaka za porini. Kumbe akina Enkidu ndio walianza!

Wachungaji walikuwa wakarimu, sikatai. Ila kumlisha mgeni si kumfanya mtu. Kambini, siku ya mgao wa unga, mama yangu, aliyesonga ugali miaka arobaini, alifundishwa kuchemsha maji. Alisikiliza, akasema asante, akaenda kupika vile anavyojua.