Nexus One: Simu Isiyo na Kufuli, Waranti Isiyo na Kaunta

Simu iliyofungwa kwenye mtandao mmoja, kufuli lake haliko kwenye laini. Liko ndani ya simu. Kila laini hubeba namba ya utambulisho, ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi na zinazofuata hutaja kampuni: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, na 310-260 ni T-Mobile ya Marekani. Simu ikiwashwa huisoma namba hiyo na kuilinganisha na ile iliyoruhusiwa na kampuni iliyoiuza. Zisipolingana, laini hukataliwa hata kama imejaa salio. Simu iliyo wazi haifanyi ulinganisho huo. Hupokea laini yoyote.

Simu ya namna hiyo ndiyo Google iliyoanza kuuza tarehe 5 Januari 2010. Iliitwa Nexus One na ilitengenezwa na HTC ya Taiwan. Wakati huo Wamarekani wengi walichukua simu kwenye kampuni za mtandao kwa bei ya chini, kisha wakailipia polepole kwa mkataba wa miaka 2. Google ilitaka kumruka mtu wa kati. Simu isiyo na kufuli iliuzwa dola 529. Anayekubali mkataba wa T-Mobile aliipata kwa dola 179. Duka lenyewe lilikuwa tovuti tu. Wateja wa Uingereza, Hong Kong na Singapore waliruhusiwa pia kuagiza, nao walilipa kwa dola. Mwingereza alipaswa kuhesabu na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwezi huohuo ilikuwa imerudi asilimia 17.5, kwa hiyo bei ya kwenye tovuti haikuwa bei ya mlangoni.

Kuwa wazi hakukuifanya simu ishike kila mtandao. Toleo la kwanza lilipata 3G kwenye masafa ya 900, 2100 na yale ya 1700 yaliyotumiwa na T-Mobile. AT&T ya Marekani ilitumia 850 na 1900. Aliyeweka laini ya AT&T aliweza kupiga simu bila shida, lakini intaneti yake ilibaki ya EDGE, polepole kama jongoo. Toleo lililowafaa wateja wa mtandao huo lilikuja Machi. Kwa nchi zenye 3G ya 2100, kama zilivyokuwa za Afrika Mashariki, matoleo yote mawili yalitosha. Mnunuzi makini wa simu ya nje, basi, huuliza mambo mawili: ina kufuli, na ina masafa gani?

Tatizo kubwa lilijitokeza kwenye waranti. Mtu wa kati aliyerukwa alikuwa na kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye bei: kusikiliza malalamiko. Mteja wa kawaida hupeleka simu mbovu kaunta alikoinunulia, na hajali kosa ni la nani. Kwa Nexus One ilibidi mteja mwenyewe aujue ugonjwa kwanza. Kifaa kilikuwa cha HTC, mtandao wa T-Mobile, mauzo na programu vya Google. Wiki za mwanzo 3G ilipoanza kuyumba, lilikuwa swali gumu hata kwa mafundi: antena, mnara au programu? Google ilijibu kwa barua pepe, na jibu lingeweza kuchukua siku moja au mbili. Februari ndipo ilipoweka namba ya simu ya huduma kwa wateja, na mwezi huo ikatuma sasisho la programu la kurekebisha 3G.

Neno “kufungua” lenyewe lilileta mkanganyiko mwingine. Nexus One ilikuwa na kufuli la pili, kwenye programu ndogo inayoiamsha simu kabla ya Android. Mmiliki aliweza kulifungua kwa amri moja kutoka kwenye kompyuta, akaweka mfumo autakao. Kabla ya kukubali, simu ilimwonya kwamba waranti inaweza kupotea. Baada ya hapo alama ya kufuli lililo wazi ilionekana kila ilipowashwa, ushahidi tosha kwa fundi wa HTC.

Aliyeipeleka simu hiyo nchi ambako haikuuzwa alikuwa na mzigo zaidi. Waranti za simu kwa kawaida hufuata soko lililokusudiwa; Apple, kwa mfano, huandika kwamba huduma ya waranti ya iPhone inaweza kuishia nchi ilikouzwa. Kuirudisha huhitaji risiti, namba ya IMEI inayolingana na ya kwenye boksi, na nauli ya kwenda na kurudi, ambayo kwa kasoro ndogo hupita gharama ya fundi wa mtaani. Tena, betri ya lithiamu iliyoharibika au kuvimba hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege. Nexus One ilikuwa na nafuu hapo: betri yake ilichomolewa kwa kidole.

Kaunta ilirudi kwa njia ya zamani. Tarehe 30 Aprili 2010 Vodafone ya Uingereza ilianza kuiuza kwenye maduka yake, kwa mkataba. Tarehe 14 Mei Google ikatangaza kwamba tovuti ingeacha kuuza simu, na Julai ikapokea shehena ya mwisho, huku ikiahidi kuendelea kuwahudumia waliokwisha kununua. Kuanzia Agosti Nexus One ikawa inauzwa kwa waandishi wa programu za Android waliosajiliwa, watu ambao wengi wao wangelifungua lile kufuli la pili bila kulisoma onyo mara mbili.