Kupoza na Kupooza: Maoni Juu ya Istilahi za Upozaji wa Injini

Katika makala haya tunakusudia kukihakiki kijitabu kimoja kilichofasiriwa kwa Kiswahili, kinachoeleza namna ya kuimarisha upozaji wa injini za magari yaendayo kasi, hasa yale yanayotayarishwa kwa mashindano. Hatutakitaja kwa jina, wala hatutamtaja mfasiri wake, kwani makosa yaliyomo ni yale ambayo wengi wetu tuliowahi kufasiri maandishi ya ufundi tumeyatenda, tukiwa tumeketi ofisini, mbali na chombo tunachokipa jina. Kijitabu hicho tulikiona mjini Babati, mkoani Manyara, katika gereji iliyo kando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Kilikuwa kimelowa oili, na pembeni mwa kurasa zake fundi alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Maneno hayo ya pembeni ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Msomaji anaweza kuuliza mashindano ya magari yanauhusu nini mji wa Babati, ujulikanao kwa mahindi, mbaazi na malori yapitayo. Uhusiano huo ni wa siku nyingi. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka ya 1960 kipande cha Mbulu, pamoja na mpando wa Magara ambao hauko mbali na Babati, kiliogopwa na madereva kwa sababu ya tope lake. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho wa mashindano. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, kwa gari la Peugeot 404. Kwa hiyo kijana wa leo anayelitayarisha gari lake la Subaru Impreza nyuma ya stendi, akitumaini kushindana Arusha, hafanyi jambo geni katika nchi hii.

Gari lililozama topeni ni mwalimu mzuri wa upozaji. Injini inazunguka kwa nguvu zote, lakini gari haliendi, na kwa hiyo hakuna upepo unaoingia mbele ila ule unaovutwa na feni. Katika kiwanja cha mbio, hali ni kinyume: upepo ni mwingi, ila injini haipewi hata dakika ya kupumua. Lori lenye shehena likipanda kutoka Magugu kuja Babati, huku upepo ukilipiga mgongoni, lina shida ileile ya gari la topeni. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja ya nishati ya petroli hugeuka kuwa kazi, theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na theluthi iliyobaki haina budi kuchukuliwa na maji na oili na kutupwa hewani. Anayeongeza nguvu ya injini huongeza pia joto hilo la kutupwa. Hilo ndilo somo la kijitabu tunachokihakiki, na ni somo jema. Shida imo katika majina.

Tuanze na neno linalotokea karibu katika kila ukurasa: *kipoozeo*. Mfasiri alitaka kuunda neno kutokana na kitenzi *poza*, yaani kufanya kitu kipoe, na nia yake ilikuwa njema. Lakini aliongeza o moja, na o hiyo imempeleka kwenye kitenzi kingine kabisa. Kupooza ni kukosa nguvu za viungo, na mmea uliopooza ni ule uliosinyaa. Kipoozeo basi, kwa kuzifuata kanuni zetu za uundaji wa maneno, ni chombo cha kuwafanya watu wapooze. Fundi wa Babati alikuwa ameikata o hiyo katika kurasa tatu za mwanzo, kisha, tunadhani, akachoka.

Kosa la herufi husahihishwa na mpiga chapa, na tusingeliandikia makala. Kosa lililo kubwa zaidi ni kwamba neno hilo moja limepewa vyombo vinne. Kipoozeo ni rejeta, ambamo maji ya moto hupita katika mirija myembamba ili upepo uyapoze. Kipoozeo ni pia kile kirejeta kidogo kinachopoza oili ya injini. Kipoozeo, tena, ni chombo kinachopoza hewa iliyosukumwa na tabo kabla haijaingia kwenye silinda. Na katika ukurasa mmoja kipoozeo ni kimiminika chenyewe kinachozunguka ndani ya injini. Sasa kijitabu kinaamuru: "Kabla ya mashindano, safisha kipoozeo na hakikisha kimepata upepo wa kutosha." Kipi? Katika Impreza yenye tabo, lile tundu lililoinuka juu ya boneti hupeleka upepo kwenye kipoza hewa kilicho juu ya injini. Rejeta iko mbele, nayo haipati chochote kutoka kwenye tundu hilo. Kijana mwenye gari alisoma agizo hilo, akalipanua tundu la boneti kwa msumeno, akaamini kwamba ameisaidia rejeta. Gari lake lilichemsha siku ileile.

Mafundi wenyewe hawachanganyi vitu hivyo vinne. Cha kwanza wanakiita rejeta, neno lililokwisha kuingia katika kamusi zetu na ambalo hatuoni sababu ya kulifukuza. Cha pili wanakiita rejeta ya oili. Cha nne ni kulanti. Cha tatu wanakiita *intakula*, na hapa tunakiri kwamba sikio letu linasita, maana msomaji asiyelijua gari atadhani kuna kitu kitakacholiwa. Wenyewe wanalijua hilo, na wanalifanyia mzaha: tabo ikivuja oili husema kwamba intakula imeshiba. Kwa maandishi rasmi tungependekeza *rejeta ya hewa*, ili ilingane na rejeta ya oili, na ili mwanafunzi aone mara moja kwamba ni kazi ya aina moja inayofanyiwa vitu tofauti. Jina zuri la ufundi hutaja kile kinachopozwa.

Kuna atakayesema kwamba tungefaa kusema *kipoza mafuta* badala ya rejeta ya oili, kwa kuwa oili ni neno la kigeni na mafuta ni la kwetu. Kijitabu kimefanya hivyo. Lakini mwambie dereva yeyote kati ya Arusha na Dodoma kwamba mafuta yamekwisha, naye atakwenda kituoni kununua petroli au dizeli. Mafuta katika lugha ya barabarani ni yale yanayounguzwa. Yanayolainisha ni oili. Tofauti hiyo imewekwa na wasemaji bila kamati yoyote, na mfasiri anayeifuta kwa kupenda usafi wa lugha anaweza kumfanya mtu aunganishe bomba mahali pasipofaa, karibu na bomba la moshi lenye moto. Hatudhani kwamba usafi wa lugha unastahili gharama hiyo.

Tunakuja sasa kwenye kile kilichotusikitisha kuliko vyote. Baina ya injini na rejeta kuna kifaa kidogo ambacho hubaki kimefunga njia ya maji wakati injini ni baridi, na hufungua maji yakifikia joto lililokusudiwa, kwa magari mengi kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi. Magereji yote hukiita thamostati. Kijitabu kimekiita *kizuia maji*. Tulimwuliza fundi kifaa hicho kiko wapi katika injini aliyokuwa akiifanyia kazi.

"Nimekitoa, mwalimu," alitujibu. "Mnataka maji yapite, halafu muweke kitu cha kuyazuia? Kitabu chenyewe kimesema kazi yake ni kuzuia."

Hatukuwa na la kumjibu kwa haraka. Ni kweli kwamba desturi ya kuitoa thamostati imeenea Afrika Mashariki nzima, na haikuanzishwa na kijitabu hiki. Lakini mfasiri alikuwa na nafasi ya kuieleza kazi ya kifaa hicho kwa jina lake, naye akachagua nusu moja ya kazi hiyo, tena ile inayomfanya mtu akione kuwa adui. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake. Oili hubaki nzito, vyuma husagana, na petroli huliwa zaidi. Hata magari ya mashindano, mara nyingi, huachiwa thamostati, ila ile inayofungua mapema. Sisi tungeliacha neno thamostati kama lilivyo. Ikiwa lazima lipatikane jina la Kiswahili, basi liwe na maana ya kurekebisha, kama *kirekebisha joto*, kwa kuwa kurekebisha ni kufunga na kufungua pia.

Mfano wa namna hiyohiyo ni mfuniko wa rejeta, ambao mfasiri ameuita *kizibo*. Chupa ina kizibo, na pipa lina kizibo. Kazi yake ni kuzuia kimiminika kisimwagike. Mfuniko wa rejeta una springi na vali, na kazi yake ni kuyaweka maji chini ya presha ili yasichemke mapema. Msomaji wa Dar es Salaam huenda asione uzito wa jambo hili. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo katika sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 hivi, si 100. Mfuniko wenye presha ya baa moja huyafikisha maji hayohayo zaidi ya nyuzi 115 kabla hayajachemka. Anayesoma "kizibo" atanunua chochote kinachoenea mdomo wa rejeta. Kijitabu kinashauri pia "kizibo cha 1.3" bila kusema ni 1.3 ya nini, na kijana wetu alidhani ni kipimo cha upana. Zaidi ya hayo, hakuna mtu anayeogopa kuchomoa kizibo. Mfuniko wa presha ukifunguliwa injini ikiwa moto, maji yaliyokuwa yamebanwa hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni aliyeufungua. Tungependa neno *presha* libaki katika jina la kifaa hiki, hata kama wengine wataona kwamba shinikizo lingependeza zaidi, kwa sababu presha ndilo neno linalomfanya mtu aurudishe mkono wake.

Neno *kizuia barafu* halihitaji maelezo marefu. Mfasiri amelifuata jina la Kiingereza, ambalo limetokana na nchi ambazo maji ya rejeta huganda usiku. Babati hakuna rejeta iliyopasuka kwa barafu. Faida ya kimiminika hicho kwetu ni kuzuia kutu na kukipandisha kiwango cha kuchemka. Kwa muda tulielekea kupendekeza *maji ya rejeta*, maneno mepesi yanayofahamika. Fundi alitukatalia, na tunakiri kwamba hoja yake ilitushinda: dereva akisikia maji, atachota kisimani, na maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana chumvi ambayo huganda ndani ya mirija hadi upepo usiwe na kazi. Basi kulanti. Ajabu ni kwamba katika viwanja vingi vya mbio vya Ulaya na Marekani dawa hiyo ya barafu hukatazwa, kwani ikimwagika hufanya njia iteleze. Huko hutumia maji safi yaliyotiwa dawa ya kutu tu. Mfasiri ameliruka onyo hilo lote, pengine kwa kuwa alikwisha kulitafsiri jina la kiwanja chenyewe kuwa "njia ya reli", na baada ya hapo haikuwa rahisi kuelewa nini kinateleza.

Wapo watakaotuona kwamba tunawatetea mafundi kupita kiasi, na kwamba tukifuata gereji Kiswahili kitajaa maneno kama *intakula*. Hofu hiyo si ya bure. Hata hivyo fundi naye huunda kwa Kiswahili pale apatapo nafasi, na huunda vyema. Kusema gari *limechemsha*, kwa mfano, ni uundaji wa gereji. Limeenea hata mwanafunzi aliyeshindwa mtihani husemwa kwamba amechemsha. Katika kijitabu hali hiyo imeitwa "ongezeko la joto lililozidi kiasi katika injini", maneno saba kwa jambo linalotakiwa kutamkwa upesi, na dereva amekwisha kuuona moshi.

Vilevile, mfasiri akumbuke kwamba si kila injini ina maji. Volkswagen iliyoshinda Safari mwaka 1962 haikuwa na rejeta, wala Porsche 911 aliyoendesha Björn Waldegård aliposhika nafasi ya pili mwaka 1974. Zote zilipozwa kwa hewa na oili. Kijitabu kinapofasili upozaji kuwa "kuzungusha maji ndani ya injini", kinayaacha nje magari ambayo mashabiki wa Safari huyakumbuka sana.

Tulipoondoka gerejini, tundu la boneti lilikuwa limezibwa tena kwa kipande cha bati, thamostati mpya ilikuwa mezani, na fundi alikuwa akikata bati jingine la kuuongoza upepo wa mbele upite katikati ya rejeta badala ya kuikwepa pembeni. Kifaa hiki ni rahisi, na mara nyingi husaidia kuliko rejeta kubwa ya bei ghali. Kijitabu hakikukipa jina lolote. Kimeacha nafasi tupu yenye nukta. Fundi anakiita mlango wa upepo. Msaidizi wake, kijana wa Kiiraqw asiyesema sana, anakiita *koo*, kwa kuwa ni pana mdomoni na jembamba ndani. Sisi tunaelekea upande wa kijana. Wasomaji walio na jina jingine linalotumika katika gereji za kwao tunawaomba watuandikie.