LL-37 na Seli za Saratani ya Mapafu: Mauaji kwa Dozi Ipi?

Habari kwamba peptidi fulani ya kinga ya mwili "imeua seli za saratani maabarani" hazikosekani. Swali langu huwa moja: kwa dozi ipi? Kwa LL-37, swali hilo linaweza kuligeuza jibu lote.

LL-37 ni mnyororo wa asidi amino 37, unaoanza na leusini mbili. Chembe nyeupe za damu na seli zinazotanda njia ya hewa huitengeneza ikiwa kipande cha protini kubwa zaidi, hCAP18. Kimeng'enya hukikata kipande hicho, kikaanza kazi. Peptidi hii ina chaji chanya na utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo huvutwa, hujibandika na kuutoboa. Seli nyingi za saratani nazo huanika nje fosfatidilserini, mafuta yenye chaji hasi ambayo seli zenye afya huyaweka upande wa ndani. Ndiyo maana watu wakaona inafaa kujaribiwa.

Seli zinazotumiwa mno ni A549, zilizopatikana mwaka 1972 kutoka kwenye uvimbe wa pafu la mwanamume wa miaka 58. Huoteshwa katika sahani yenye vishimo 96, hupewa peptidi kwa dozi zinazopanda, kisha baada ya siku moja hadi tatu hutiwa MTT, kemikali ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Mashine hupima ukolezi wa rangi.

Lakini MTT hupima utendaji wa vimeng'enya, haihesabu maiti. Zambarau ikififia, huenda seli zimekufa, huenda zimeacha tu kugawanyika. Kwa hiyo mtafiti makini hupima pia LDH, kimeng'enya kinachovuja utando ukitoboka. LDH ikipanda ndani ya saa chache, utando umepasuliwa. Ikikawia, kifo kimepita njia nyingine. Inatakiwa pia peptidi ya kulinganishia, yenye asidi amino zilezile ila mpangilio umevurugwa. Hiyo nayo ikiua sawasawa, umbo la LL-37 halikuwa na mchango.

Kinachosahaulika zaidi ni seramu. Seli za maabara hulishwa seramu ya ndama, na protini za seramu huidaka LL-37. Ukiiondoa seramu, peptidi inakuwa kali. Ukiirudisha, makali yanashuka. Ripoti isiyosema lolote kuhusu seramu mimi huiweka kando, hata grafu zake ziwe nzuri namna gani.

Tuje kwenye dozi. Maikromola 10 za LL-37 ni takriban maikrogramu 45 kwa mililita. Kadiri unavyopanda huko juu, hata seli zenye afya huanza kutobolewa, na hapo "kuua saratani" si ushindi. Chini kabisa mambo ni mengine. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba LL-37 imo ndani ya uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya mapafu, na kwamba dozi ndogo ziliziongezea seli hizo kasi ya kuzaliana kwa kukiamsha kipokezi cha EGFR. Seli zilizofanywa ziitengeneze kwa wingi ziliota uvimbe mkubwa zaidi katika panya. EGFR ndicho kipokezi ambacho dawa za gefitinib na erlotinib hukizuia.

Hilo halinishangazi. Kazi nyingine ya LL-37 ni kuponya majeraha ya njia ya hewa: huchochea vimeng'enya vya juu ya seli vikate kichocheo cha ukuaji, nacho kikashika EGFR. Seli ya saratani inaitumia njia hiyohiyo. Isitoshe, katika saratani ya utumbo mpana watafiti wengine wameiona LL-37 ikizuia ukuaji, kwa hiyo matokeo ya kiungo kimoja hayahamishiki hadi kingine.

Jaribio ambalo ningeliamini lingeanzia dozi za nanogramu, lingekuwa na seramu, lingeweka seli zenye afya za bronki kwenye vishimo vya jirani, na lingerudiwa kukiwa na kizuizi cha EGFR. Majaribio mengi huanzia kwenye maikrogramu.