Mwisho Wenye Matumaini Mno: Mwanga na Kamera katika Filamu ya Rafiki

Mwezi Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu ya Rafiki, wiki chache kabla ya kuonyeshwa katika Tamasha la Cannes. Mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, ameeleza hadharani kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mjadala uliofuata ulihusu sheria na maadili. Swali la kihakiki liliachwa kando: matumaini hayo yamo wapi hasa? Ukiusoma mwisho huo kama maandishi, huna cha kufuta. Kena yuko kilimani, jiji liko chini yake; sauti inamwita; mkono unamgusa begani. Basi. Hakuna ahadi wala neno la ushindi.

Makala haya yanashikilia kwamba matumaini hayo yamo katika picha yenyewe, na kwamba yamejengwa tangu mwanzo wa filamu.

Rafiki imetokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Humo Anyango anamsemesha Sanyu moja kwa moja, na kila hisia inapitia sauti yake. Kahiu na mpiga picha wake, Christopher Wessels, hawakuichukua sauti hiyo. Kazi ya msimulizi wameukabidhi mwanga.

Mtaani, jua ni kali na rangi zimejaa: nguo, vibanda, kuta, watu. Kila kitu kinaonekana, na hilo ndilo tatizo la Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kiti kimoja. Wasichana hawa wanapokaribiana, kamera nayo husogea, nyuso zikajaa fremu na mtaa ulio nyuma yao ukafifia kuwa madoa ya rangi. Majirani hawajaondoka, wametiwa ukungu. Katika mtaa ambao kila ukuta una masikio, lenzi ndiyo inayowajengea wawili hawa chumba. Gari kuukuu wanamojificha ni chumba hicho hicho kilichopewa bati na milango, na rangi ya waridi inayotawala humo inalainisha ngozi zao bila kuzipausha. Jambo hili si dogo: kwa miongo mingi kadi za rangi za Kodak zilimchukua mwanamke mweupe kuwa kipimo cha ngozi, na nyuso nyeusi zikalipa gharama yake.

Mbinu hii haikosi kasoro. Katika onyesho la dansi, rangi zinazong'aa nyusoni zinakaribia mno video ya muziki, na mara mbili tatu waridi hutangulia kutuambia jambo ambalo waigizaji, Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva, wangelisema vyema zaidi kwa macho tu. Lakini gari linapovamiwa na umati, tunaelewa kwa nini rangi ilirundikwa hivyo: ilikuwa lazima kiwepo kitu cha kunyang'anywa. Baada ya kipigo picha inakauka, na tunauhisi upungufu kabla ya mtu yeyote kuutaja.

Kwa hiyo, pale kilimani filamu haihitaji kusema kitu. Kwa zaidi ya saa moja imetufunza kuusoma uso wa Kena ukiwa karibu, ulimwengu ukiwa umerudi nyuma. Mkono mmoja unatosha. Waainishaji waliuhisi mwisho huo barabara, pengine kuliko wahakiki wengi. Walichokosa ni istilahi za kuutaja, kwani ripoti za uainishaji huzungumzia maudhui, lugha na vitendo, ilhali hali ya picha haina safu yake katika fomu. Mwongozaji anaweza kuagizwa kukata tendo au tusi. Ataagizwaje kukata ulaini wa mwanga?

Septemba 2018, Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hayo kwa siku saba. Watazamaji waliokata tiketi Nairobi juma lile waliuona mwisho ule ule, haujabadilishwa.