Neno "Mshipa" na Mafunzo ya Awali ya Mwili wa Binadamu

Mwanafunzi aanzaye elimu ya mwili wa binadamu kwa Kiswahili hukutana mapema na neno mshipa, na mara nyingi neno hilo humtatiza kabla halijamsaidia. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka chini yake mirija ya damu pamoja na neva. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu husema mshipa umemvuta, ilhali kilichovutika ni msuli au kano. Katika pwani ya Kenya, mgonjwa asemaye kuwa ana mshipa huenda hataji kiungo chochote, bali maradhi ya ngiri au busha. Naye asiyeona haya husemwa kuwa hana mshipa wa aibu.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa dalili ya umaskini wa lugha. Hukumu hiyo haina msingi. Wayunani wa kale walitumia neno neuron kwa kano na kwa neva pia, mpaka Herophilus na Erasistratus walipozipambanua katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Neno lao arteria lilihusu pia njia ya pumzi kooni, na Erasistratus mwenyewe alishikilia kuwa ateri hubeba hewa. Uchunguzi ndio uliosahihisha maana za maneno hayo. Mshipa, kadhalika, ni jina litokanalo na umbo: hutaja kitu chembamba, kirefu, kipitacho ndani ya mwili. Anatomia, ambayo huchunguza maumbo, yaweza kuanzia hapo. Fiziolojia, ambayo huchunguza kazi, haiwezi kuishia hapo.

Kwa hiyo kukopa ateri, vena na neva ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Kasoro kubwa imo katika fasili. Yako maelezo yasemayo kuwa ateri hubeba "damu safi" na vena hubeba "damu chafu". Maelezo hayo hayasimami. Ateri ya mapafu huchukua kutoka moyoni damu iliyopungukiwa na oksijeni, na vena za mapafu huirudisha ikiwa na oksijeni tele. Katika mimba, ateri za kitovu hupeleka kwenye kondo la nyuma damu yenye oksijeni kidogo, na vena ya kitovu humletea mtoto ile iliyokwisha kuipata. Aliyekariri usafi atalazimika kuyaona haya kuwa vioja. Aliyefundishwa mwelekeo hatatatizika. Tangu Harvey alipochapisha kitabu chake mwaka 1628, msingi wa somo hili ni mzunguko: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha.

Aidha, neno chafu lina historia yake miongoni mwa Waswahili. Damu chafu ndiyo ambayo mwumishi huitoa kwa chuku ili mgonjwa apate nafuu. Mwanafunzi akiambiwa kuwa vena zake zote zimejaa damu ya namna hiyo, atafahamu jambo ambalo mwalimu hakulikusudia.

Istilahi mshipa wa fahamu nayo yahitaji kusailiwa. Mshipa wa damu ni mrija wenye uwazi ndani. Neva ni fungu la nyuzi zipitishazo taarifa kwa njia ya umeme na kemikali. Tena, fahamu ni sehemu tu ya kazi yake. Ziko neva ziletazo hisia katika ubongo, ziko ziamrishazo misuli, na ziko zirekebishazo mapigo ya moyo na mwendo wa matumbo pasipo mwenyewe kutambua. Jina hilo limeteua kazi moja na kuziacha nyingine nje.

Yafaa basi mshipa ubakie jina la jumla la mirija ya damu, ateri na vena zikiwa aina zake. Neva na kano zijitegemee. Na ngiri na busha zitajwe kwa majina yake. Matumizi ya watu hayatakoma kwa ajili hiyo, wala hayana haja ya kukoma. Lakini mwuguzi aliyefunzwa hivyo, akiambiwa na mgonjwa "nina mshipa", atajua kwamba kazi yake ya kwanza ni kuuliza: mshipa upi, na wapi?