Orca: sauti ya bure, na pale inaponyamaza

Kuna neno linarudi kila mara tukiongea habari ya wanafunzi wasioona: « Muwawekee Linux, ni bure. » Ni nusu ya kweli. NVDA ya kwenye Windows, iliyoanza 2006, nayo ni bure. Basi kama tunaisifu Ubuntu, tuisifu kwa jambo lingine.

Na liko. Orca, programu inayosoma skrini kwa sauti, inakuja ndani ya Ubuntu yenyewe. Unafinya ile tushi yenye alama ya Windows, pamoja na Alt na S, inaanza kusema, hata wakati wa kuweka mfumo kwenye mashine. Asiyeona anaweza kuiweka mwenyewe. Mwenzetu mmoja aliandika hivyo memwari yake kwenye LibreOffice. Mbele ya pale alikuwa anaitamkia mdogo wake usiku, mtoto akisinzia juu ya klavye.

Sauti sasa. eSpeak NG iko na Kiswahili, lakini ni sauti ya bati. Ukiacha ile ya Kifaransa isome Kiswahili, « Mungu » inapitia puani, hautaitambua. Kwenye mipangilio (Insert na nafasi) unaweza kutengeneza profili mbili, moja kwa kila lugha. Ila kubadilisha katikati ya sentensi ni kazi, na sisi huku nani anamaliza sentensi bila kuchanganya?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mikono. Orca ilikomalia kwa Sun Microsystems; Oracle iliponunua Sun mwaka 2010, waliolipwa kwa kazi hii wakapungua. Tangu pale inabebwa na watu wachache sana.

Lakini mahali inanyamaza kabisa, kosa si lake. Silabusi zetu nyingi ni karatasi zilizopigwa picha, zikafungwa ndani ya PDF. Kwa Orca hiyo ni picha tu, haina herufi. Kwetu agronomia hata tabelo za majaribio ya mihogo zilikuja vile. Tesseract, nayo ya bure, inageuza picha kuwa maandishi, ila tabelo inazivuruga: hesabu za hekta zinaingia kwenye kilo. Na mwalimu aliyeandika silabusi kwenye ordinateri iko na faili ya mwanzo! Kuituma kwa WhatsApp ni dakika moja. CP wa promosyo aiombe siku ya kwanza ya kozi, mbele karatasi hazijapelekwa kwa fotokopi.